Kumbukumbu za Kikao, Ajenda ya Nne

Nimeandika: "Mjumbe wa Cumberland alitoa maoni. Yamepokelewa."
Maneno sita, nukta mbili.
Ndivyo mwenyekiti anavyozipenda, kumbukumbu zisizo na nyama.
Ninazo nyingine, na hizo hazitiwi saini.

Bi Edna Mossop alipanda treni saa kumi na moja alfajiri,
akabadilisha Carlisle kwenye baridi ya kung'oa kucha,
akaingia ukumbini London na koti lenye harufu ya mvua
wakati tumeshafika ajenda ya tatu, na biskuti zimekwisha.

Mezani palikuwa na bango. Kampeni mpya ya bia ya pipa,
bia inayochachuka ingali hai, isiyosukumwa kwa gesi.
"Kinywaji cha Taifa Zima," herufi nyekundu, nzito kama matofali.
Kando bilauri iliyojaa, chini ramani na mapipa kumi na mawili:
tisa yamebanana kusini,
mawili katikati,
moja Yorkshire, limebandikwa pale kwa niaba ya kila aliye juu yake.
Upande wa Cumberland mchoraji aliona nafasi tupu,
akaweka dira.

Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema.
Huyu alikuwepo, koti linachuruzika,
na lake bado halikuwepo.

Bwana Osgood akasema, kwa upole wa daktari wa meno,
"Bi Mossop, bango ni dogo. Na bia ni bia."
Hapo akafungua mkoba. Nilidhani anatafuta leso.
Akatoa kidude cha plastiki, kama kifuniko cha chupa
kilichotobolewa vitundu,
akakiweka juu ya ramani, juu ya dira kabisa.

"Kwetu hiki hukaa mdomoni mwa bomba.
Bia hupita humu kwa tabu, ikatoka na povu zito,
povu linaloganda ndani ya bilauri, pete chini ya pete,
ukajua mtu amemeza mara ngapi na ana haraka gani ya kurudi kwake.
Bilauri yenu hii haina povu hata la kumdanganya inzi.
Baba yangu angeirudisha. Angeuliza nani ameionja kwanza."

Mtu wa Devon alicheka. Mtu wa Kent hakucheka,
na mtu wa Kent ni mimi.
Sisi tunaipenda tuli, imefika ukingoni;
povu kwetu ni hewa unayouziwa kwa bei ya bia.
Nilitaka kulisema hilo, lakini mwandishi hana kauli.
Nikainamia daftari, ndipo nikatambua
kwamba bilauri ya bango ilikuwa yangu,
ya baa ya mtaani kwetu, ya Jumapili zangu zote,
na sikuwa nimeiona, kama mtu asivyoiona pua yake.

Kura kumi na moja kwa moja. Bango likapita.
Akakirudisha kidude mkobani, akauliza choo kiko wapi,
akaiwahi treni ya saa kumi.

Mwezi wa Machi nilitumwa kaskazini na furushi la mabango.
Cleator Moor, baa ya Kwale Watatu, mvua ya ubavuni.
Letu lilikuwa limeshatundikwa, karibu na vishale.
Mtu alikuwa ameipaka bilauri povu la rangi ya dirisha,
vidole vitatu, limekauka na kupasuka kidogo.
Juu ya dira, kizibo cha pipa, kimepigiliwa msumari.
Hakuna aliyelitaja. Wazee wanne walikuwa wanabishana kuhusu mbwa.

Bi Edna akashika mpini wa pampu, akanitazama.
"Na kidude, au bila?"
Nikasita kuliko inavyostahili swali la bia.
"Mnavyokunywa hapa," nikasema.

Povu likanikaa juu ya mdomo. Sikuipenda sana.
Niliimaliza, nikazihesabu pete: saba.
Bado naipenda tuli.
Hilo nalo sikuliandika popote.